Mkanda Nilioushona Mimi

Tulimzika Fundi Zakayo Alhamisi iliyopita huko Kiamunyi, na kabla hata jeneza halijashushwa nilikuwa nimeshakasirika. Mjukuu wake, kijana mzuri mwenye suti na sauti ya redio, alisimama chini ya hema akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akaja Nakuru kutafuta kazi, na katika mwaka wa hamsini na sita, peke yake, bila msaada wa mtu yeyote, akaifufua mashine ya kukereza chuma iliyowashinda Wazungu, akakata ngozi na kuishona mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama. Nina miaka themanini na kitu, kusimama kwangu ni shughuli, lazima nishike kiti cha mbele kwanza, kwa hivyo kila mtu aliniona. Nikasema, "Huo mkanda nilishona mimi." Yule msimamizi wa shughuli akacheka kwa adabu, akaniambia kwenye maikrofoni, "Shosho, asante sana, lakini muda umetubana, tunaomba ukae." Nikakaa. Lakini kukaa si kukubali, na kwa vile walininyima maikrofoni, nimejinunulia daftari. Zakayo mwenyewe hakuwahi kusema maneno yale hata siku moja. Angekuwa hai, yeye ndiye angelinyamazisha hema kabla yangu.

Nilizaliwa wapi na nani, hayo sitayasimulia, wenye kutaka kujua wakaulize kanisani. Mwaka ninaoutaka ni huo wa hamsini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naitwa Rasoa tu, nikishona magunia kwenye kinu kimoja cha nafaka karibu na reli, hapo Nakuru. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye baraza refu la saruji, kila mmoja na sindano yake ya gunia na kibonge cha uzi wa katani, na vumbi la mahindi lilitukaa kichwani mpaka sote tukafanana, wazee na vijana. Tulikohoa kuanzia asubuhi. Kikohozi hicho kilikuwa na jina, tulikiita mume wa pili, kwa sababu ulilala nacho na kuamka nacho. Mkubwa wetu alikuwa Mama Loise, mwanamke mnene wa maneno machache makali, ambaye saa sita alitupikia ugali na mboga za kunde nyuma ya baraza kwenye mafiga yake. Mafiga mawili yalikuwa mawe. La tatu lilikuwa dude la chuma, zito, jeusi kwa masizi, na hakuna aliyewahi kuuliza limetoka wapi. Tulikula tukiwa tumelizunguka kwa miaka miwili. Ukila mahali kila siku huoni tena kilichopo, na hilo nililijua baadaye nikaona haya.

Sisi wa magunia tuliajiriwa kwa msimu. Mavuno yakiisha, unapewa mkono wa kwaheri, unarudi ulikotoka na kikohozi chako. Mafundi wa karakana walikuwa watu wengine kabisa. Waliandikwa kwenye kitabu chenye jalada jekundu, na aliyeandikwa humo alikaa mwaka mzima, akapewa chumba, akaitwa kwa jina lake. Karakana ilikuwa nyuma yetu, ukuta wa mabati tu umetutenga, na mabati yana matundu. Kwa hivyo yote yaliyosemwa kule tuliyapata moto, hasa maneno ya meneja, Mzungu. Huyo tulimwita Bwana Kasoro, maana hakuna kitu alichokitazama asikione kasoro, kuanzia mizani hadi namna mtu anavyotembea. Mwaka ule kasoro yake kubwa ilikuwa lethi, yaani hiyo mashine ya kukereza. Ilikuwa kuukuu, imenunuliwa mnadani zamani, kibati chake cha jina kimeng'olewa, kitabu chake hakipo, na hata mwenye duka la vipuri mjini alipoletewa mchoro alisema haijui. Kinu kilikuwa kikivunja shafti zake, zile fimbo za chuma zinazokizungusha, kila mara, na bila lethi kukereza nyingine, ilibidi kungoja meli izilete kutoka ng'ambo. Lethi nayo ilikuwa inakula mikanda. Mitatu ilikatika au kulegea kabla mvua ndefu hazijaisha, na kila mmoja ulipokatika tulimsikia Kasoro, "Zakayo, wewe naharibu mkanda yangu!" na Zakayo akijibu taratibu, "Siharibu mimi, Bwana. Ni hii mashine, inakataa."

Zakayo alikuwa fundi mrefu wa Kimaragoli, mpole kupita kiasi, ambaye alipima kila kitu mara mbili na kuamini kipimo cha kwanza. Kushona mikanda haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya mzee mmoja Mkikuyu, stadi kwelikweli, lakini mzee huyo alipakiwa kwenye lori asubuhi moja pamoja na majirani zake, enzi zile za hali ya hatari, na hatukumwona tena. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti. Ukuta wa mabati ulikuwa kimya siku ile, na mimi mpaka leo nikiona lori limefunikwa turubai moyo wangu hushtuka. Basi mkanda wa tatu ulipokatika, Kasoro alikuja barazani na ngozi mkononi, akatutazama kama anayechagua kuku, akaninyooshea kidole kwa sababu nilikuwa wa karibu. "Wewe mama ya gunia. Jua kushona hii?" Nikamwambia, "Kushona najua, Bwana. Lakini kushona si shida yenu. Nasikia mkanda unashonwa vizuri halafu unakatika." Mama Loise akanikanyaga mguu. Kasoro akageuka mwekundu, halafu akacheka, akawaita mafundi waje wasikie mwanamke wa magunia anajua shida ya mashine. Ndipo aliposema neno lake, na walilisikia watu zaidi ya ishirini: "Haya. Fanya wewe. Kama mkanda nakaa wiki moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, mimi naandika wewe fundi kwa kitabu. Kama nakatika, wewe nakwenda, na hii takataka nauza chuma." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Sawa, Bwana. Wamesikia wote."

Niliingia karakana kesho yake, na nakumbuka harufu yake kuliko ninavyokumbuka sura za watu: mafuta, ngozi, chuma iliyochomwa. Hapakuwa na vumbi la mahindi. Nilivuta pumzi mpaka chini na sikukohoa, na nikajua papo hapo kwamba sirudi barazani, hata wanifukuze kwa mbwa. Zakayo alinieleza mashine bila dharau, na kwa hilo nilimpenda tangu siku hiyo, kama mtu anavyompenda kaka. Injini ilizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya paa. Shafti hiyo ilizungusha nyingine fupi iliyoning'inia juu ya lethi. Kwenye ile fupi kulikuwa na puli, yaani gurudumu la kupitishia mkanda, ya ngazi tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kama sufuria tatu zilizobebanishwa, na kwenye lethi chini kulikuwa na nyingine ya ngazi tatu, imegeuzwa, ili kubwa ya chini itazamane na ndogo ya juu. Mkanda mmoja wa ngozi ulifunga juu na chini. Ukiuhamisha ngazi, mwendo unabadilika, wa polepole kwa chuma ngumu, wa haraka kwa kazi nyembamba. "Ngazi ya kati inakubali," Zakayo akasema. "Ukihamisha huku, mkanda unakaza mpaka unakatika. Ukihamisha kule, unalegea unateleza. Kwa hivyo natumia ya kati tu, lakini Bwana anataka zote." Nikamuuliza alipimaje huo mkanda. Akasema alichukua ule uliokatika, akaunyoosha sakafuni, akakata mwingine sawa nao. Nikamwambia, "Fundi, hiyo ngozi ilikuwa imeshavutika mwaka mzima. Ni sawa na kumshonea mtu rinda kwa kupima la zamani lililochakaa." Akasema, "Hilo ni kweli."

Mimi sikujua kutumia futi yao ya chuma, na sikuona haja. Sisi wa magunia tulipima kila kitu kwa uzi na mafundo, na uzi haujui Kizungu wala Kiswahili, unasema ulichokipima. Nilipanda ngazi ya mbao, nikazungusha uzi wa katani juu na chini kwenye ngazi ya kati kama mkanda unavyopita, nikafunga fundo. Kisha uzi uleule nikauhamisha ngazi ya pili, haukufika, ulipungua kiganja kizima. Ngazi ya tatu, ukazidi, ukaning'inia kama kamba ya nguo. Nikashuka. Nikapima kila ngazi ya puli mzingo wake, peke yake, nikaunganisha uzi wa kubwa ya chini na uzi wa ndogo ya juu, kati na kati, ndogo na kubwa, nikazilaza jozi tatu mezani. Kama mkanda mmoja ungetosha kote, nyuzi hizo zingelingana, hilo hata mtoto ataliona zikilazwa mbele yake. Hazikulingana hata kidogo. Zakayo aliinama akazitazama muda mrefu. "Hizi puli hazikuzaliwa pamoja," akasema. Nikamwambia asubiri, nikapanda tena, nikakwangua grisi pale puli ya juu ilipokaa kwenye shafti, na ndani nikakuta vipande vya bati vimeshindiliwa pande zote, kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake akajaza magazeti. Tundu lilikuwa kubwa kuliko shafti. Puli ile ilikuwa ya mashine nyingine, imebandikwa tu, na kwa miaka yote hiyo watu walilaumu ngozi.

"Basi ya kweli iko wapi?" niliuliza. Zakayo alijua tu kwamba mashine ilifika kwa gari la moshi vipande vipande, ikamwagwa uani, na waliokuja kuiunganisha walikuwa na haraka. Tulipekua rundo la vyuma uani kuanzia asubuhi iliyofuata. Nilijua tunachokitafuta: ngazi tatu, tundu la ukubwa wa shafti ile, na uzi wa kila ngazi ya puli ya chini nilikuwa nao shingoni umefungwa mafundo. Tukapata magurudumu, meno ya gia, nusu ya pampu. Saa sita Mama Loise akaita chakula na mimi nikaenda nikiwa na hasira, nikaketi mahali pangu pa siku zote, nikaanza kumega ugali. Sufuria ilipoinuliwa nikaliona figa la tatu. Lilikuwa limefukiwa nusu kwenye jivu, lakini lilikuwa na mabega. Bega moja, bega la pili. Niliweka ugali chini, nikapiga magoti, nikaanza kufukua jivu kwa mikono, bado la moto, na wanawake wakadhani nimeingiwa na wazimu. "Rasoa, unachimba nini hapo?" Mama Loise akauliza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nachukua figa lako." Akashika mwiko kama rungu. "Wewe! Umetoka hapa juzi, leo ushakuwa mzungu wa kunibomolea jiko?" Alikataa kabisa. Alisema figa hilo halijawahi kuyumba, kwamba mawe hupasuka lakini hilo halipasuki, na kwamba kama mafundi wanataka chuma waende Nairobi. Ilibidi Zakayo aje mwenyewe, avue kofia, amwambie, "Mama, nakuletea mawe matatu, nayachagua mimi." Akasema, "Manne. Moja la akiba."

Lilipopoa tulilisugua kwa mchanga na mafuta ya taa. Zakayo alilining'iniza kwa kamba akaligonga na nyundo kila upande, kwa sababu chuma ya aina ile ikipigwa na moto inaweza kuwa na ufa usioonekana. Kila pigo lililia vizuri, mlio mrefu, safi. Nikazungusha uzi kwenye ngazi zake, nikaunganisha na za chini, nikazilaza mezani mbele yake. Jozi tatu, ncha zote sawa. Shafti iliingia tunduni bila bati hata kipande kimoja. Zakayo aliketi sakafuni akacheka mpaka akatoa machozi, akasema, "Miaka yote hii tumepikia mboga juu yake." Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa na njaa pia, ugali wangu ulishaliwa na mtu.

Ngozi tuliipata Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao, ambako mikanda ya misumeno ni mipana kama mkeka na ikichakaa pembeni huachwa nyuma ya ghala. Nilienda na lori la mbao nikarudi nimekalia kipande changu asije mtu akakichukua. Nilikata ukanda kutoka katikati, mahali palipo pazima, mwembamba kidogo kuliko uso wa puli. Niliukata mfupi kwa vidole viwili kuliko uzi niliouzungusha upya juu na chini, kwa sababu ngozi itavutika na uzi hauvutiki, na nikaongeza kiasi cha ncha kupandana. Ncha hizo nilizichonga mpaka zikawa nyembamba, zipandane bila kufanya nundu. Upande laini, uliokuwa na manyoya ng'ombe akiwa hai, niliuweka ndani ushike puli. Zakayo alitaka kuuweka nje upendeze. Nikamwambia mkanda hauendi harusini. Nilishona safu mbili kwa uzi wa katani niliousugua nta, mshono wa magunia, ule wa kurudi nyuma hatua moja, ambao hatua moja ikikatika nyingine hazifumuki.

Jumatatu Kasoro alisimama mlangoni mikono nyuma. Zakayo akahamisha mkanda ngazi ya kwanza, ukashika. Ya pili, ukashika. Ya tatu, mashine ikaimba. Kasoro hakuona kasoro, na uso wake ulionyesha jinsi jambo hilo lilivyomuuma. Mkanda ukafanya kazi Jumanne, Jumatano, tukakereza nao shafti mbili za kinu, ukafika Jumamosi saa sita bila kuteleza. Jumamosi hiyo alibandika mlangoni orodha ya mafundi kutoka kile kitabu chekundu. Mimi nasoma, misheni walinifundisha. Zakayo alipandishwa cheo, kwa maneno haya: kwa kutengeneza lethi na mkanda wake. Jina langu halikuwapo. Nilimfuata Kasoro ofisini. Hakuinua kichwa. "Wewe nafanya kazi mzuri. Sasa rudi kwa gunia." Nikamkumbusha neno lake. Akasema, "Ile ilikuwa mchezo tu. Mwanamke hapana fundi." Na hicho ndicho alichokisoma mjukuu kule Kiamunyi, bila kujua: karatasi ya Kasoro. Imeishi miaka sitini na zaidi. Uongo wa mtu mwenye kalamu una afya kuliko sisi.

Jumatatu sikwenda barazani. Niliingia karakana na kisu changu kidogo, nikamwambia Zakayo, "Simamisha mashine." Alinitazama, akaona kisu, akaelewa, akavuta mkono wa kuisimamisha mashine. Lethi ikatulia. Nikapanda ngazi, nikaugeuza mkanda mpaka nikafika kwenye mshono, nikaanza kukata uzi, hatua moja baada ya nyingine, bila haraka, safu ya kwanza kisha ya pili. Sikugusa ngozi. Mkanda uliachana ukadondoka sakafuni. Wakati huo Kasoro alikuwa ameshafika na anapiga kelele akitaka polisi waitwe. Nikashuka. Nikamwambia, "Ngozi ni yako, Bwana. Ile pale, nzima. Mshono ni wangu, nimeuchukua." Nikamwonyesha nyuzi kiganjani. Akamgeukia Zakayo. "Wewe shona, sasa hivi." Zakayo, mpole yule, mtu aliyeomba msamaha hata akikanyagwa, alipangusa mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akasema, "Mimi sijui, Bwana. Fundi wa mkanda ni huyu." Kasoro akamwuliza wa pili, naye akasema hajui. Wa tatu akasema mkono wake unauma. Akaenda mpaka barazani kwa wanawake, wenye sindano kumi mikononi, na Mama Loise akamjibu kwa niaba yao, "Sisi tunajua gunia peke yake."

Nilikaa siku tatu kwenye chumba nilichopanga nikiwangoja askari. Hawakuja. Siku ya nne kinu kilivunja shafti, na kabla ya saa tatu mtu wa ofisi alikuwa mlangoni kwangu. Nilikwenda kwa mwendo wangu. Lethi ilikuwa imesimama, mkanda bado sakafuni palepale, na Kasoro ameshika ngozi upande mmoja na sindano upande wa pili, ananinyooshea. Sikuipokea. Nikamwambia, "Kwanza kitabu." Akakileta, akaandika amesimama, akakifunga. Nikamwambia afungue nisome. Alikuwa ameandika: Rasoa, mshona magunia, msaidizi wa muda. Nikasema, "Futa, Bwana." Akafuta. Akaandika tena, na safari hii nilifuata kalamu herufi kwa herufi mpaka alipomaliza: Rasoa, fundi. Wino ulikuwa haujakauka. Nikangoja ukauke, kila mtu akingoja nami, halafu nikanyoosha mkono nipewe sindano.